Muda wa kungoja kompaila huamuliwa na waunda lugha, lakini wanaoulipa ni wengine

Tarehe 11 mwezi wa tatu 2025, Anders Hejlsberg, mhandisi wa kampuni ya Microsoft anayeongoza kazi ya lugha ya TypeScript, alitangaza habari iliyowashangaza wengi katika ulimwengu wa kompyuta. Timu yake ilikuwa inaihamisha kompaila ya TypeScript kwenda kwenye lugha nyingine, Go, ambayo ilizaliwa ndani ya kampuni pinzani, Google. Sababu kubwa ilikuwa kasi. Mfano walioutoa ni wa programu ya VS Code, yenye mistari karibu milioni moja na nusu. Kuikagua yote kwa kompaila ya zamani kulichukua sekunde 77,8. Kwa ile mpya, sekunde 7,5.

Asiyeandika programu anaweza kuuliza kelele zote hizo ni za nini kwa sekunde sabini. Programu huandikwa kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma, lakini prosesa ya kompyuta haiyaelewi. Katikati husimama kompaila: hukagua maandishi, hukataa yenye makosa, kisha huyageuza kuwa amri za mashine. Baada ya hapo vipande vyote huunganishwa kuwa kitu kimoja kinachoweza kufanya kazi. Kazi hiyo yote ndiyo huitwa kujenga programu, na mwandishi huirudia kutwa: anabadili mstari mmoja, anajenga, anajaribu, anarudi kwenye mstari. Akirudia mara 30 kwa siku na kila mara angoje dakika nne, saa mbili zimekwenda. Akingoja sekunde nne, ni dakika mbili tu kwa siku nzima. Na saa hizo si hasara yote. Anayengoja dakika nne huchukua simu, husoma ujumbe, hujibu, na anaporudi kwenye kioo amesahau alikuwa anatafuta nini.

Wengi huamini kwamba kungoja huko ni shida ya mashine: nunua kompyuta mpya, ongeza memori, tatizo limekwisha. Mashine ina sehemu yake. Ustadi wa aliyeandika kompaila nao una sehemu yake, na hiyo habari ya Microsoft ni ushahidi, kwa sababu kanuni za TypeScript zilibaki zilezile. Lakini kiasi kikubwa cha muda huo kimekwisha kuamuliwa kabla ya mtu yeyote kununua kompyuta, siku ile waunda lugha walipokaa na kuamua nini kinaruhusiwa kuandikwa na kwa mpangilio gani. Waunda lugha hao, mara nyingi, hufanyia kazi mashine za bei kubwa. Kijana wa Butembo au Uvira anayejifunza kwa kompyuta ya mtumba ndiye anayelipa maamuzi yao kwa bateri yake.

Historia ya Hejlsberg mwenyewe inaonyesha jambo hilo vizuri. Mwaka 1983, akiwa kijana huko Denmark, ndiye aliyeandika kompaila ya Turbo Pascal, ambayo kampuni ya Borland, iliyoongozwa na Philippe Kahn, mzaliwa wa Paris, iliuza Marekani kwa dola 49,95. Kompaila nyingi za wakati ule ziliuzwa kwa mamia ya dola. Turbo Pascal iliweka kila kitu, sehemu ya kuandikia na kompaila yenyewe, ndani ya faili moja. Toleo la 3.02 lilikuwa na baiti 39.731. Picha moja inayotumwa leo kwa WhatsApp mara nyingi ni nzito kuliko hiyo. Na kwenye mashine ambazo leo hata simu ya bei ndogo ingezicheka, ilikompaili kwa kasi iliyowafanya watu wadhani haijafanya kitu.

Ufundi wa Hejlsberg ulikuwa mkubwa, lakini lugha yenyewe ilimsaidia. Pascal iliundwa na Niklaus Wirth, profesa wa Zurich nchini Uswisi, mwaka 1970. Kanuni yake moja ni rahisi: kila kitu kitajwe kabla ya kutumiwa. Kwa sababu hiyo kompaila inaweza kusoma maandishi mara moja tu, kutoka juu hadi chini, bila kurudi nyuma. Mwandishi hubanwa kidogo, mashine hupumua.

Wirth, aliyefariki tarehe 1 mwezi wa kwanza 2024, alikuwa mkali katika jambo hili kuliko karibu kila mtu wa fani yake. Mwanafunzi wake Michael Franz amesimulia kipimo alichokitumia. Kompaila za Wirth ziliandikwa kwa lugha ilezile zinazozikompaili, kwa hiyo kila moja iliweza kujikompaili yenyewe. Mtu akileta nyongeza ya kuifanya itoe programu bora zaidi, Wirth alitazama saa: je, kompaila sasa inajikompaili haraka zaidi au polepole zaidi? Nyongeza ambayo haikuweza kulipa gharama yake yenyewe haikuingia. Wenye kuunda lugha leo wangepimwa hivyo, wachache wangepita.

Upande wa pili wa bahari, njia iliyoshinda ilikuwa nyingine. Katika maabara za Bell huko Marekani, Dennis Ritchie aliunda C mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa mashine zenye memori ndogo mno. Ili faili moja ijue kilichomo katika nyingine, C ilichagua njia nyepesi kuliko zote: mwandishi anaweka mstari wa kuagiza faili ya kichwa, na kabla ya kukompaili, maandishi yote ya faili ile yanamwagwa palepale. Kama faili ile nayo inaagiza nyingine, hizo pia humwagwa. Kompaila haikumbuki kwamba dakika moja iliyopita, ilipokuwa ikishughulikia faili ya jirani, ilisoma vichwa vilevile.

Mfikirie karani wa komini ambaye kila mtu anapokuja kuomba hati ya kuzaliwa, anafungua sheria zote za inchi ukurasa wa kwanza, anazisoma hadi mwisho, kisha ndipo anaandika jina la mtoto. Mtu wa pili akifika, anaanza tena ukurasa wa kwanza. Kama kitabu cha sheria kina kurasa tano na watu ni kumi, mambo yanakwenda. Ndivyo ilivyokuwa kwa programu za miaka ile, na Ritchie hawezi kulaumiwa.

Lakini C++, ambayo Bjarne Stroustrup alianza kuiunda mwaka 1979, ilirithi mtindo huo na kuuongezea mzigo. Ilileta violezo, yaani maandishi ya jumla ambayo kompaila huyageuza kuwa maandishi halisi kila yanapotumiwa na aina mpya ya data. Violezo hivyo kwa kawaida hukaa ndani ya vichwa. Basi karani sasa hasomi sheria tu; kila mara anaziandika upya kwa mkono kabla ya kutoa hati.

Matokeo yake yalipimwa. Mwaka 2012 Rob Pike, mmoja wa waunda Go, alieleza hadharani uchunguzi uliofanywa Google mwaka 2007 juu ya programu yao moja kubwa ya C++. Maandishi yenyewe yalikuwa katika faili kama 2.000, jumla ya megabaiti 4,2. Baada ya vichwa vyote kumwagwa, kilichofika mbele ya kompaila kilikuwa zaidi ya gigabaiti 8. Kila baiti moja iliyoandikwa na mtu ilizaa baiti 2.000 za kusomwa na mashine. Google, yenye kompyuta nyingi kuliko karibu kampuni zote duniani, iligawa kazi hiyo kwenye mashine nyingi kwa pamoja, na bado kuijenga programu ile kulichukua dakika 45.

Na C yenyewe haijapona. Mwezi wa kwanza 2022 Ingo Molnar, mmoja wa wahandisi wa zamani wa Linux, alipeleka kwa wenzake mabadiliko zaidi ya 2.200 yenye lengo moja: kupanga upya faili za vichwa za kiini cha Linux ili visimwagwe bila sababu. Alisema ujenzi uliongezeka kasi kati ya asilimia 50 na 80. Mabadiliko hayo yaligusa zaidi ya nusu ya faili zote za kiini. Uamuzi uliochukuliwa kwa ajili ya mashine ya miaka ya 1970 ulikuwa bado unadai malipo nusu karne baadaye, na dawa yake ilihitaji kugusa nyumba nzima. Kwa upande wa C++, toleo la kanuni la mwaka 2020 lilileta moduli ili kuachana na vichwa, lakini maktaba nyingi zilizoandikwa kwa mtindo wa kale bado zipo, na hakuna anayeweza kuzifuta kwa tamko.

Ni katika kungoja ujenzi wa namna hiyo ndipo Pike, Robert Griesemer na Ken Thompson walipoanza kuzungumza juu ya lugha mpya, mwezi wa tisa 2007. Thompson ndiye aliyejenga Unix pamoja na Ritchie, kwa hiyo aliijua C tangu utotoni mwake. Griesemer alipata udaktari wake Zurich, katika shule ileile ya Wirth. Ukitazama kanuni za Go, iliyotangazwa mwezi wa kumi na moja 2009, unaiona Zurich ndani yake.

Kwanza, paketi mbili haziruhusiwi kutegemeana kwa mzunguko: kama A inamwagiza B, B haiwezi kumwagiza A. Hivyo kila paketi hujengwa mara moja, kwa zamu, na zisizotegemeana hujengwa kwa pamoja. Pili, ukiagiza paketi na usiitumie, kompaila inakataa kabisa kuendelea. Wanaoanza Go huichukia kanuni hiyo kwa wiki mbili za mwanzo, na si bila sababu: mtu anafuta mstari mmoja kwa majaribio, programu nzima inagoma. Lakini katika timu ya watu mia, kanuni hiyo ndiyo inayozuia mizigo isiyo na mwenyewe kurundikana. Tatu, na hii ndiyo kubwa, paketi ikishajengwa huacha muhtasari wa vitu vyake vyote ambavyo wengine wanaweza kuvihitaji, pamoja na vile ilivyochukua kwa wengine. Anayeiagiza anasoma muhtasari huo mmoja tu. Karani sasa ana ukurasa mmoja mezani. Pike alisema programu kubwa ya Go iliyopimwa Google ilizaa baiti 40 hivi kwa kila baiti iliyoandikwa, yaani mara 50 pungufu ya ile ya C++.

Bei ya uamuzi huo ililipwa kwa upande mwingine. Kwa zaidi ya miaka kumi Go haikuwa na jeneriki, yaani uwezo wa kuandika kazi moja inayofaa aina nyingi za data. Waandishi walinakili maandishi yaleyale kwa namba, kwa majina, kwa tarehe, na walilalamika kwa sauti. Russ Cox wa timu ya Go aliuweka mtego huo wazi mapema, mwaka 2009: bila jeneriki unawachelewesha waandishi, ukizileta kwa njia moja unaichelewesha kompaila na kunenepesha programu, ukizileta kwa njia nyingine unaichelewesha programu yenyewe inapofanya kazi. Zilipoingia hatimaye, mwezi wa tatu 2022, zilikuja kwa njia ya katikati, iliyochaguliwa kwa kuangalia muda wa kukompaili. Inawezekana kubishana kama kungoja miaka yote hiyo kulikuwa sawa. Lakini walijua wanachokinunua na walijua bei.

Mtego huo wa Cox unaeleweka kirahisi kwa mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya mshonaji pale Kadutu. Fundi anaweza kushona nguo moja pana yenye kamba kiunoni, ikawafaa watu wote, ingawa haimkai mtu yeyote sawasawa. Java ilifanya hivyo mwaka 2004. Au anaweza kumpima kila mteja na kumkatia nguo yake. Inakaa vizuri, inapendeza, lakini foleni inafika barabarani.

Rust ni fundi wa pili. Kila kazi ya jeneriki inapotumiwa na aina mpya ya data, Rust hukata nakala mpya iliyopimwa kwa aina hiyo, kisha huikabidhi kwa LLVM, mtambo mzito unaoinyoosha kila nakala ili iende kasi. Programu inayotoka ni ya haraka sana. Foleni nayo ni ndefu. Wengi huwalaumu wakaguzi maarufu wa Rust, wale wanaochunguza nani anamiliki kipande gani cha memori, lakini mara nyingi sehemu kubwa ya muda haitumiki pale. Inatumika katika kukata na kunyoosha nakala. Ndiyo maana amri ya Rust inayokagua makosa tu bila kutoa programu humaliza mapema zaidi, na watumiaji wazoefu huitumia kutwa. Kuna na jambo jingine: kipimo cha kazi kwa Rust ni krate nzima, ambamo moduli huruhusiwa kutegemeana kwa mzunguko. Uhuru huo ni mtamu kwa mwandishi, lakini unamnyima mashine nafasi ya kugawa kazi vipande vidogo. Go ilichagua kinyume.

Hata hivyo, kuihukumu Rust kwa saa peke yake ni kosa. Microsoft mwaka 2019 na timu ya Chrome ya Google mwaka 2020 zilisema kwamba karibu asilimia 70 ya mapengo makubwa ya usalama katika programu zao yalitokana na makosa ya memori, makosa ambayo Rust huyazuia kabla programu haijatoka. Anayengoja kompaila ya Rust anapata kitu mkononi. Kwa programu ya benki au ya simu inayobeba pesa za watu, biashara hiyo inaweza kuwa nzuri. Kwa mwanafunzi anayetaka kujenga tovuti ya duka la shangazi yake, ni vigumu kuiona faida.

Kungoja kusikokuwa na malipo ndiko kunakostahili hasira. Chukua Swift, iliyotolewa na Apple mwaka 2014. Waunda lugha hiyo walitaka mwandishi asilazimike kutaja aina ya kila kitu. Kompaila igundue yenyewe kama ni namba nzima, namba ya desimali au maandishi. Wakati huohuo, alama moja kama ile ya kujumlisha iliruhusiwa kuwa na maana nyingi. Kila kanuni peke yake inavutia. Zikikutana katika mstari mmoja wenye namba nyingi na alama nyingi, kompaila inaweza kulazimika kujaribu mchanganyiko mmoja baada ya mwingine, na idadi ya michanganyiko huzaana kama sungura. Swift ina ujumbe maalumu kwa hali hiyo: inakiri kwamba imeshindwa kuuelewa mstari huo kwa muda unaokubalika, na inamwomba mwandishi aukate vipande. Lugha iliyoahidi kumwondolea mtu kazi inamrudishia kazi, baada ya kumngojesha.

TypeScript nayo imejifunza somo hilo, na hapa ndipo habari ya 2025 inapokuwa na upande ambao haukupigiwa kelele. Mwezi wa sita 2024, katika toleo la 5.5, ililetwa kanuni ya hiari: anayeiwasha hukubali kutaja wazi aina ya kila kitu anachowapa wenzake nje ya faili yake. Ni maneno machache zaidi kwa mwandishi. Kwa zana za kujenga, ni mlango mpya kabisa, kwa sababu kila faili sasa inaweza kutolewa muhtasari wake peke yake, bila kuzunguka mradi mzima kutafuta aina iliyofichwa. Kitu hicho Wirth angekitambua mara moja, kwa kuwa alikidai tangu 1970.

Wapo watakaosema mjadala huu hauwahusu, kwa sababu wao hutumia Python au PHP, ambako hakuna kungoja kompaila. Ni kweli, na kwa anayeanza ni zawadi kubwa. Lakini kazi ya ukaguzi haikufutwa. Jina lililoandikwa vibaya, ambalo kompaila ingelikataa palepale, linangoja siku mteja atakapobofya kitufe ambacho hakuna aliyekijaribu. Na sehemu nzito za hesabu ndani ya Python, kama maktaba ya NumPy, kwa kiasi kikubwa zimeandikwa kwa C; kuna mtu aliyengoja kwa niaba ya wengine.

Mashariki mwa Kongo, hesabu hii ina sura yake. Inchini, kwa takwimu za Benki ya Dunia, ni mtu mmoja tu kati ya watano hivi anayefikiwa na umeme, na anayefikiwa hana hakika nao wa jioni. Kukompaili ni kati ya kazi zinazoibana prosesa hadi mwisho: feni inalia, kompyuta inachemka, bateri inashuka. Ujenzi wa dakika kumi unaokatwa na umeme dakika ya tisa unaweza kumrudisha mtu karibu na mwanzo. Mradi wa kawaida wa Rust hupakua kwanza maandishi ya maktaba zake zote, jambo ambalo hula mega, kisha huyakompaili yote kwenye mashine ya mwandishi, na faili za kati zinazobaki huweza kujaza gigabaiti kadhaa za diski. Kwa mhandisi wa Seattle hilo ni la kuagizia kahawa. Kwa mwanafunzi wa informatiki mwenye memori ya gigabaiti 4 na lita moja ya mafuta kwenye jenereta ya jirani, linaweza kuamua kama atamaliza zoezi au hatamaliza. Na ni kejeli ambayo haihitaji maelezo marefu Masisi, kwamba tantali inayotokana na koltani ya Rubaya imo ndani ya vifaa vya kielektroniki vya dunia nzima.

Jibu la kwanza ambalo hutolewa ni kwamba mashine zitaongezeka nguvu. Wirth alilijibu hilo mwaka 1995: aliandika kwamba programu huzidi kuwa nzito kwa haraka kuliko mashine zinavyozidi kuwa nyepesi kwenye kazi. Miaka thelathini imepita na hakuna aliyemkanusha kwa vitendo. Jibu la pili ni kupeleka ujenzi kwenye seva za mbali. Kwa kampuni yenye intaneti isiyokatika ni jibu zuri. Kwa anayenunua mega kwa siku, ni kuhamisha gharama kutoka kwenye bateri kwenda kwenye simu. Jibu la tatu, la kuhifadhi kilichokwisha kujengwa ili kisijengwe tena, ndilo lenye nguvu, na kila lugha inalitumia. Lakini hata hilo linategemea kanuni za lugha: kinachoweza kuhifadhiwa ni kile tu ambacho lugha imekubali kukitenganisha na kingine.

Kwa hiyo wanaopanga masomo katika vyuo vya Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi wana sababu ya kulitazama jambo hili kabla ya kufuata lugha inayotajwa sana mwaka huu. Umaarufu una maana yake, na ajira pia. Hakuna haja ya kumzuia mtu kujifunza Rust au C++. Wanaotaka kuingia katika kazi ya mifumo mikubwa watazihitaji. Lakini mwaka wa kwanza, mwanafunzi anapojifunza kwa kukosea mara hamsini kwa siku, lugha inayomjibu kwa sekunde moja inamfundisha mara nyingi zaidi kuliko inayomjibu kwa dakika tatu. Pascal iliwalea wanafunzi wa dunia nzima, na kasi ya namna hiyo iliwasaidia.

Waunda lugha nao wanaweza kudaiwa jambo dogo. Wanapotoa toleo jipya huonyesha kasi ya programu zinazotoka, na mara nyingine kasi ya kompaila, lakini iliyopimwa kwenye mashine zao. Waonyeshe na kasi ya kompaila kwenye kompyuta ya miaka kumi iliyopita, yenye prosesa mbili na diski ya kuzunguka.

Mhadhiri asiyetaka kungoja takwimu zao anaweza kuzitafuta mwenyewe kwa mchana mmoja. Programu ileile iandikwe kwa lugha mbili au tatu, ikompailiwe kwenye kompyuta dhaifu kuliko zote za darasa, chaja ikiwa imechomolewa. Kisha ubadilishwe mstari mmoja, ikompailiwe tena, na muda wa mara zote mbili uandikwe ubaoni pamoja na asilimia ya bateri iliyobaki.